Mlango Uliogoma Kufungika

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize kitu. Ni lini mara ya mwisho uliuziwa kitu kibovu, ukalalamika nyumbani wiki nzima, ukawasimulia mashosti kwa simu, halafu ukaishia kusema "basi, namwachia Mungu"? Friji lililokufa baada ya wiki mbili. Sofa lililobonyea kabla hujamaliza kulilipia. Video ya harusi ambayo haijaonekana mpaka leo, na mtoto wa pili ameshazaliwa.

Usione aibu, tuko wengi. Mimi mwenyewe nimemwachia Mungu kesi nyingi sana hadi naamini faili langu huko juu ni nene. Lakini mwaka juzi nilikataa. Nilikataa kwa sababu ya mlango, na huo mlango nusura univunjie ndoa kabla haujanifundisha sheria. Mwezi huu nataka nikusimulie, maana najua kuna wawili mahali fulani usiku huu wanagombana juu ya pesa waliyoliwa, na hawajui kwamba wanaweza kwenda kuidai wenyewe bila wakili.

Mbao kavu, kaka

Mume wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mimi ni wa kuja. Alipohamishiwa kikazi kwao tukaamua kumalizia nyumba yetu ndogo ya vyumba vitatu, nje kidogo ya mji. Mimi kazi zangu nazifanya kwa kompyuta, nashuka Dar es Salaam mwisho wa mwezi gazeti linapokaribia kwenda mitamboni. Maisha ya Tukuyu ni matamu, nisikudanganye. Ndizi za kila aina, maziwa, maparachichi, chai imejaa vilimani, na hewa ambayo mtu wa Dar angeinunua kwa kilo. Tatizo moja tu: mvua. Rungwe ni kati ya wilaya zinazopata mvua nyingi nchini, na ikifika mwezi wa tatu inanyesha kama inadai kodi.

Tulihitaji milango 5 pamoja na fremu zake. Mume wangu akasema atashughulikia, kuna mwenye karakana mmoja alisoma na kaka yake. Wakakubaliana kwa maneno: mninga, mbao kavu, kila mlango shilingi 380,000, jumla 1,900,000. Tukatuma 900,000 kwa simu, baadaye 600,000, na zile 400,000 za mwisho mume wangu akampa mkononi siku ya kufunga milango. Risiti? Mkataba? Wee! Unamwombaje risiti mtu anayekuita "mdogo wangu"?

Milango ilipendeza kweli. Ikang'aa kwa vanishi, majirani wakaja kuitazama. Masika yalipoingia, ndani ya wiki kadhaa mlango wa chumbani ukavimba, ukagoma kufungika. Wa jikoni ukapinda, ukiusukuma unafungika juu chini unabaki wazi, paka anapita. Wa choo, samahani kwa kulitaja, ukapasuka ubao wa katikati mpaka mtu aliyekaa ndani anaweza kusalimiana na aliye nje. Miwili iliyobaki ilianza kukwaruza sakafu.

Tukampigia mwenye karakana. Mara ya kwanza alisema anakuja Jumamosi. Mara ya pili yuko Mbeya kufuata mbao. Mara ya sita alikuja, akaitazama, akacheka kidogo na kuniambia, "Shemeji, hii siyo milango. Hii ni hali ya hewa ya Tukuyu."

Vita vya chumbani

Hapo ndipo ugomvi ulipohamia kwetu. Mimi nataka twende mahakamani. Mume wangu hataki kusikia. "Huyu mtu tunazikana naye," akasema. "Nikimshitaki, kesho kwenye msiba nitakaa benchi gani?" Nikamwambia anaogopa watu kuliko anavyoniheshimu mimi. Akaniambia mimi nimekuja Tukuyu na kiburi cha mjini. Tukalala migongo ikiangaliana, na mlango hata kuubamiza kwa hasira haiwezekani.

Rafiki yangu mmoja akanishauri njia ya mkato: tafuta askari amtishe kidogo, atalipa. Nawaambia mapema, msiende huko. Kudai pesa kwa kazi mbovu ni madai, siyo jinai. Polisi wana kazi zao, na kukusanya madeni siyo mojawapo. Ukimtumia askari kumkamua mtu, unaweza kugeuka wewe mwenye kosa.

Baada ya siku nne za ukimya nikagundua kwamba ugomvi wetu haukuwa juu ya milango. Mume wangu alikuwa na aibu. Usiku wa tano alinionyesha simu yake. Kulikuwa na meseji ya mwenye karakana ya kabla hatujalipa hata senti: "Mbao ni mninga kavu, zimekaa mwaka mzima, usiwe na wasiwasi." Na chini yake jibu la mume wangu: "Hamna shida kaka, nakuamini." Mimi alikuwa ameniambia kwamba alimbana sana na akapewa garantii. Hakukuwa na garantii. Kulikuwa na "nakuamini".

Nilikuwa na maneno mengi ya kusema hapo, na namshukuru Mungu nilisema machache. Kwa sababu meseji ile aliyokuwa anaionea aibu ndiyo iliyokuja kutuokoa.

Mahakama isiyohitaji suti

Wenzetu wa Kenya wana mahakama maalumu ya madai madogo. Sheria yake ni ya 2016, ikaanza kazi Nairobi Aprili 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 ya Kenya, na sheria inataka shauri liishe ndani ya siku 60. Uganda nao tangu 2011 wana kanuni za madai madogo yasiyozidi shilingi milioni 10 za kwao. Ukisoma hayo unaweza kudhani sisi tumesahaulika.

Hatujasahaulika. Sisi kazi hiyo inafanywa na Mahakama ya Mwanzo, ile ile ambayo wengi tunadhani ni ya wezi wa kuku na talaka. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, inaweza kusikiliza madai ya mkataba mpaka shilingi milioni 30. Sasa niambie, wewe na mwenzi wako mmewahi kununua kitu gani cha zaidi ya hapo? Milango yetu, friji lako, sofa, keki ya harusi, ukumbi, mafundi wa kila aina, vyote vinaingia humo.

Na hii ndiyo habari tamu zaidi: mahakama hii imejengwa kwa ajili ya mtu anayejisemea mwenyewe. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa kusimama humo. Mwaka 2021 sheria ililegezwa, wakili anaweza kuingia pale ambapo hakimu ni hakimu mkazi, lakini hulazimiki kuwa naye na wengi wanakuja peke yao. Lugha ni Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho. Kanuni zake za mashauri ya madai ni za 1964, na zinakuruhusu kupeleka madai kwa maandishi au hata kwa mdomo, yakaandikwa pale pale. Hakuna Kilatini, wala huhitaji suti.

Kuna na kitu kingine nilichokuwa sikijui. Kwenye kesi ya jinai wanataka uthibitisho usioacha shaka. Kwenye madai huko Mahakama ya Mwanzo, kanuni za ushahidi zinasema inatosha ushahidi wa upande mmoja uwe mzito kuliko wa mwingine. Ni mizani ya sokoni tu. Huhitaji kumponda mwenzako, unahitaji kuzidi kidogo.

Swali la karani

Baada ya meseji ile tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, tutampa nafasi ya mwisho kwa barua. Tukaandika barua ya ukurasa mmoja: tulichoagiza, tulicholipa, kilichotokea, tunachotaka, na siku 14 za kujibu. Hakuna matusi, hakuna herufi kubwa. Tukampelekea mbele ya mjumbe wa eneo letu, tukabaki na nakala yenye sahihi ya kupokea. La pili, tulipanga bei yetu ya amani: pungufu ya shilingi milioni 1 hatukubali, kuanzia hapo kwenda juu tunasuluhisha. Tuliiandika nyuma ya bahasha na kuiweka kabatini. Wapenzi, fanyeni hivyo. Mkiingia mahakamani bila kukubaliana mnataka nini, mdaiwa atawagawa mchana kweupe.

Siku 14 zikapita, kimya. Nikaenda mahakamani na faili langu, nimejipanga kama nakwenda kutetea shahada. Karani akanisikiliza kwa upole, kisha akauliza swali moja: "Aliyekubaliana na fundi ni nani?"

Nikajibu, "Mume wangu."

"Basi mdai ni mumeo, mama. Mwambie aje."

Nilitoka pale kama nimemwagiwa maji. Mimi niliyepigania kesi mwezi mzima sikuwa mwenye kesi! Lakini ukitulia unaona mantiki yake. Mahakama inamwuliza aliyeahidiwa, siyo aliyekasirika zaidi. Nikarudi nyumbani na kumweleza. Mume wangu alikaa kimya muda mrefu, akanawa mikono, akala, halafu akasema, "Kesho naomba ruhusa kazini."

Akaenda. Akajaza madai, akalipa ada. Ada za mahakama unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu au benki, unapata risiti. Akitokea mtu wa kukuambia mpe yeye mkononi "akusogezee faili", huyo siyo ada, na namba ya TAKUKURU ni 113, haina malipo.

Siku ya kusimama

Nisikudanganye kwamba mambo yalikwenda kama sinema. Tarehe ya kwanza samansi ilikuwa haijamfikia mwenye karakana. Ya pili alikuja, akakana madai. Hakimu akauliza kama kuna uwezekano wa kupatana, tukapewa muda tukazungumze nje. Chini ya mti pale, mwenye karakana akatoa 400,000. Zamani mume wangu angeipokea kwa aibu na mimi ningelipuka kwa hasira. Safari hii tulitazamana tu, tukakumbuka bahasha. "Kaka, tunashukuru, lakini hapana," mume wangu akasema. Tukarudi ndani.

Usikilizaji ulipofika, mume wangu, ambaye akisimama mbele ya watu maneno humkimbia, aliomba kitu ambacho sheria inaruhusu lakini watu wengi hawakijui. Kwenye mashauri ya madai, Mahakama ya Mwanzo inaweza kumruhusu ndugu au mtu wa nyumba yako akuwakilishe, ukiomba mwenyewe. Akaomba mke wake ndiye aongoze shauri. Hakimu akaruhusu, lakini akamwambia: "Ushahidi wa makubaliano utautoa wewe mwenyewe. Mkeo hakuwepo."

Kwa hiyo alisimama akaapa. Nikamwuliza maswali tuliyoyafanyia mazoezi jikoni: Mlikubaliana nini? Alikuandikia nini? Ulimlipa lini? Alijibu kwa sauti ndogo lakini hakuyumba. Alipofika kwenye meseji, akaisoma yote, pamoja na ile "nakuamini" yake. Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Nilimtazama nikaona kwamba kusoma maneno yale mbele ya watu wa kwao kulimgharimu kuliko milango yote mitano.

Meseji tulikuwa tumezichapa kwenye karatasi zikionyesha namba na tarehe, na simu yenyewe tukaja nayo. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu unakubalika kama ushahidi. Tulikuwa na taarifa za miamala ya 900,000 na 600,000. Ile 400,000 ya mkononi tulidhani imepotea, kumbe usiku ule mwenye karakana alituma meseji: "Nimeipata ile laki nne. Ndaga fijo." Kwa wasio wa huku, maana yake ahsante sana. Sijawahi kufurahia Kinyakyusa kama siku hiyo.

Shahidi wetu wa pili alikuwa fundi mwingine, wa Kiwira, aliyeikagua milango. Mwanzoni alikataa kuja kumsema fundi mwenzake. Tukaiomba mahakama imwite kwa samansi, na hapo akapumua: sasa ameitwa, hajajipeleka. Akaeleza kwamba mbao ziliunganishwa zikiwa mbichi, ndiyo maana viungo vimeachia, na kwamba hata mninga mzuri ukiukimbiza hivyo utakuaibisha.

Mvua ya Tukuyu

Zamu ya mwenye karakana ikafika. Alijitetea vizuri, nakiri. Akasema milango ilitoka kwake mizima na tuliipokea bila lalamiko. Akasema kila mtu anajua Tukuyu ina unyevu, mbao hucheza, yeye hawezi kushindana na mvua ya Mungu.

Mimi nilikuwa nimeandaa maswali kumi na mawili. Nikiwa bado nachagua la kuanza nalo, hakimu akamwuliza lake:

"Wewe ni mwenyeji wa wapi?"

"Tukuyu hapa hapa, mheshimiwa. Nimezaliwa hapa."

"Na milango ulijua inakwenda kufungwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Kwa hiyo mvua uliijua."

Kimya. Nikakunja karatasi yangu ya maswali kumi na mawili.

Baadaye ndipo nikaelewa kwamba swali lile lilikuwa limebeba sheria nzima. Tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Msingi wake wa kale ni kwamba mnunuzi afungue macho. Lakini ukimwambia muuzaji unachotaka na kazi yake, ukamtegemea kwa ujuzi wake, na bidhaa hiyo ndiyo biashara yake, anabeba wajibu wa kukupa kitu kinachofaa kwa kazi hiyo. Na akikuuzia kwa maelezo, kitu lazima kifanane na maelezo. "Mninga kavu" ni maelezo. Mlango wa Tukuyu unaoshindwa mvua ya Tukuyu haufai kwa kazi yake. Hata makubaliano ya mdomo ni mkataba mbele ya Sheria ya Mikataba, shida ni kuyathibitisha tu.

Tulichopata na tulichokosa

Tulidai 2,400,000: milango yote mitano 1,900,000, na 500,000 za usumbufu. Hukumu ilitupa 1,140,000, yaani milango mitatu, pamoja na gharama za shauri. Mwenye karakana achukue milango yake mitatu.

Ile miwili je? Tuliiharibia wenyewe. Kabla ya kufungua shauri nilikuwa nimechoka na kukwaruza kwake, nikamwita kijana akaipiga randa na kuifunga upya. Picha sikupiga. Hakimu akasema hawezi kujua ilikuwaje kabla ya randa. Na zile 500,000 za usumbufu? Alituuliza zimepatikanaje, nikajibu "tumeteseka sana, mheshimiwa." Akaandika, lakini hakutoa. Mateso bila hesabu hayaendi kwenye mizani. Ningekuwa nimetunza tiketi za usafiri na barua za kukosa kazi, huenda ningepata kitu.

Na kushinda, mpenzi msomaji, siyo kulipwa. Hapa ndipo wengi wanapoishia kulia. Asiyeridhika na hukumu ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Hakukata, lakini pia hakulipa. Ilibidi turudi kuomba kukazia hukumu. Mahakama inaweza kuamuru mali ya mdaiwa ikamatwe na kuuzwa, ila kuna vitu haiwezi kugusa: nguo, matandiko, vyombo vya kupikia, na zana za kazi za fundi. Nilipoambiwa hivyo nilikasirika. Mume wangu akaniuliza, "Ukimchukulia randa na msumeno, atatulipa kwa nini?" Alikuwa sahihi. Mahakama inaweza pia kuruhusu deni lilipwe kwa awamu, na ndivyo ilivyokuwa: 285,000 kila mwezi, miezi minne. Mwezi wa tatu alichelewa wiki mbili. Mwezi wa nne alimaliza.

Kabla hujaenda

Kwa wale mnaotaka kukata ukurasa huu na kuubandika kwenye friji (hata kama ndilo bovu lenyewe), haya ndiyo niliyojifunza:

• Mdai ni yule aliyefanya makubaliano. Kama mlikuwa wawili, semeni wawili.

• Usitengeneze kitu kibovu kabla hujakipiga picha na kumwonyesha mtu anayejua kazi hiyo.

• Dai risiti ya mashine ya kodi kila ununuapo dukani. Kwa fundi asiye na mashine, andikianeni kwenye karatasi: kitu gani, cha aina gani, bei gani, lini. Na ukilipa mkononi, omba meseji ya "nimepokea".

• Andika barua ya madai kwanza, yenye tarehe ya mwisho, na ubaki na nakala iliyosainiwa.

• Dai kiasi unachoweza kukionyesha kwa hesabu.

• Pangeni bei yenu ya amani mkiwa nyumbani, siyo chini ya mti wa mahakama.

• Siku ya tarehe usikose. Mdai asipotokea bila sababu, shauri linaweza kufutwa.

• Usikae na dai mpaka lioze. Kwa kawaida madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, lakini mashahidi wanahama na simu zinaibiwa mapema zaidi ya hapo.

• Ukikwama kwenye kuandika, tafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma yao ni bure.

Na piga hesabu kabla ya yote. Sisi tulikwenda mahakamani siku tano, kila safari ni nusu siku ya kazi. Kwa dai la shilingi 40,000 pengine ni bora usuluhishi wa mtendaji au mjumbe, au kweli umwachie Mungu. Kuacha nako ni uamuzi, mradi mmeuamua wote wawili mkiwa macho, siyo kwamba mmoja amechoka na mwingine amenuna.

Benchi la msibani

Mtauliza, na ule msiba aliouogopa mume wangu? Ulikuja. Rungwe msiba haukosi watu, na mwenye karakana alikuwepo. Nilimwona mume wangu anasita, kisha akaenda akakaa benchi lile lile alilokaa yeye. Sikusikia walichosema. Waliongea kidogo, wakanyamaza sana, wakainuka pamoja kwenda kusaidia kaburini. Siwezi kusema wamerudi kuwa kaka na mdogo wake. Lakini wanasalimiana, na hakuna anayevuka barabara kumkwepa mwenzake, jambo ambalo lilikuwa limeanza kutokea zamani tulipokuwa tunanung'unika bila kushitaki.

Jioni ile nikamwuliza kama anajuta. Akafikiri. Akasema kilichomsumbua miezi yote siyo kumshitaki mtu, ni kule kunidanganya kuhusu garantii. "Nilipoisoma ile meseji mbele ya hakimu," akasema, "nilikuwa nakusomea wewe."

Milango mipya mitatu tuliagiza kwa fundi wa Kiwira. Safari hii tuliandikiana, ukurasa mmoja, sahihi tatu: ya fundi, ya mume wangu, na ya kwangu. Masika mengine yamepita. Inafungika.

Tukutane mwezi ujao. Na wewe mwenye video ya harusi ambayo haijaonekana, umeshaanza kutafuta risiti?